Majina Mawili Kwenye Marobota

Saa nne na nusu asubuhi, Ijumaa ya tarehe 5 Novemba 1999, Erlinda Catubig amepiga magoti juu ya robota la mashati katika stoo moja ya Xiaobei, Guangzhou. Anachovya brashi kwenye wino mweusi, anaandika alama ya mwenye mzigo, anahamia robota la pili. Kila baada ya alama mbili tatu anaitupia jicho saa ya ukutani.

Ni Mfilipino wa mji wa Ormoc, kisiwa cha Leyte. Ana miaka arobaini na mmoja. Kiswahili amekiokota humu humu stoo, miaka miwili sasa, kwa mshahara wa yuan 600 kwa mwezi.

"Laoban," anamwita bosi wake, kama wanavyomwita wote. "Saa tano nasimama. Nusu saa tu."

Msabaha, wakala wa mizigo kutoka Unguja, hainui kichwa. "Lori la bandari ya Huangpu linaondoka saa sita, na mimi nina Ijumaa yangu. Juzi nimekuachia siku nzima ya makaburi yenu. Wakongo na Krismasi yao, Wachina na mwaka wao, leo tena wewe na mafuriko? Hebu andika, mama."

Novemba mosi Wafilipino kila mahali huzuru makaburi na kuwasha mishumaa. Tarehe tano ni ya Ormoc. Haimo katika sikukuu za taifa. Hata mwenzake wa Manila, anayelala naye chumba kimoja, humuuliza ni siku ya nini.

Ni siku ambayo, mwaka 1991, maji yalishuka kutoka mlimani yakaufagia mji saa tano asubuhi. Maelfu walikufa. Wengi walizikwa kaburi la pamoja, bila majina. Erlinda alikuwa sokoni, sehemu ya juu ya mji. Wanawe, Rowena, miaka tisa, na Dodong, miaka minne, walikuwa nyumbani kando ya mto.

"Novemba mosi wenzangu wana kaburi la kuwashia mshumaa," anasema. "Mimi nina ile saa tu."

Mwaka jana aliomba, akanyimwa, akaendelea kuandika huku akili iko Ormoc. Marobota mawili yakafika Dar es Salaam yameandikwa ROWENA na DODONG mahali pa alama. Yakalala bandarini miezi miwili, hayana mwenyewe. Msabaha alimkata mshahara wa mwezi mzima.

Aliyeyapata ni Sihaba, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa akiyasaka mashati yake. Alipokuja Guangzhou aliuliza, "Shoga, huyu Rowena ndiye nani?" Erlinda akamweleza. Safari iliyofuata alimletea kipande cha gunia chenye jina la Rowena. Gunia la Dodong wapagazi walishalichana.

Saa tano kamili. Erlinda anaweka brashi chini.

"Ukiiacha hiyo, usiishike tena," anasema Msabaha.

Erlinda anakwenda mlangoni, anawasha mshumaa kizingitini, anasimama. Nusu saa, kwa watoto wawili, kwa mwaka mzima. Anapogeuka, brashi iko mkononi mwa mtu mwingine.

Barabarani, mfuko begani, anakunjua kile kipande cha gunia.

"Nitarudi Ormoc. Hiki nitakifunga pale kwenye kaburi la pamoja, wajue Rowena yumo," anajisemea.

Na Dodong?

Anavitazama vidole vyake. Wino haujatoka.

"Huyo nitamwandika mwenyewe. Kazi hiyo naijua."