Imbwa ya nusu sikio inalala mulangoni kwa mupangaji wangu

Nyiye wenye kuwekaga vicheko chini ya visa vya wenzenu, leo mufunge kinywa. Juma lililopita mama mumoja aliandika hapa juu ya mutoto wake, mukamucheka kama watu wasiozaliwa. Changu hakichekeshi. Na weye mwenye page, ficha jina langu na jina la kartiye tunayokaa, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mujukuu wangu wa kike ndiye anaandika. Miye niliacha masomo mwaka wa tatu, ila kusema sikufundishwa na mutu.

Niko mama wa miaka sitini na minane, mujane, hapa Goma. Kwetu ni upande wa Butembo. Niko na kiwanja, parseli yangu mwenyewe, nyumba ya mbao nilijenga mwenyewe juu ya mawe ya volkano, na nyuma yake chumba kimoja cha kupangisha.

Miezi mitatu iliyopita alikuja mwanaume mumoja anatafuta chumba. Akanisalimia “Wavukire” kwa Kinande kizuri cha kwetu, akaniita koko kama bibi yake mwenyewe, akauliza misa ya asubuhi ni saa ngapi. Moyo ukalegea. Hapa kwetu mupangaji mugeni unamupeleka kwa shefu wa avenue, mukubwa wa njia yetu, na karte yake ya kitambulisho, anaandikwa. Huyu sikumupeleka. Nilisema, mutoto wa kwetu, namuomba karte ya nini? Yalikuwa majivuno yangu, sisingizii mutu.

Kisha ikaja imbwa. Juma moja sasa. Rangi ya udongo, sikio moja limekatwa nusu, shingoni kipande cha kamba. Miye sifugi imbwa. Nyumba ni ndogo, na chakula chenyewe hatushibi. Nikaifukuza na ufagio, ikarudi. Nilikuwa nimeanika sambaza uani. Ikapita samaki zangu bila hata kunusa, ikaenda kulala mulangoni kwa mupangaji.

“Ni yako?” nikamuuliza.

“Hapana, koko. Imbwa miye sizipendi.”

Siku ile ile, nikiwa nyuma ya jikoni natwanga majani ya sombe, nikamusikia anasema polepole: “Sajini. Lala.” Nikachungulia. Imbwa iko chini, kidevu juu ya mawe, inamuangalia. Nikajidanganya kwamba ameipa jina ili asikae peke yake.

Jumanne akapita mama wa makala. Anakaa Mugunga, alikimbia vita kutoka Kalengera. Kila jumanne ananiletea makala ya kupikia, namupa chai, tunawasema watu. Akatua gunia, akaona imbwa, akabaki wima.

“Koko, hii imbwa imetoka wapi?”

“Imejileta. Ukiitaka, beba.”

Hakucheka. “Hii ilikuwa inalala chini ya bariere ya watu wa bunduki, kule kwetu barabarani. Siku walimushusha bwana yangu kwenye pikipiki, ilikuwa pale. Lile sikio nalijua.”

“Masikio ya kukatwa ni mengi, mama.”

“Hii haitembeagi yenyewe, koko. Inafuataga mutu mumoja.”

Radio ya mupangaji ilikuwa inaimba. Ikanyamaza.

Mama wa makala akabeba gunia lake. Chai hakumaliza, makala hakuniuzia, kwaheri hakusema.

Kabla kikombe chake hakijapoa, mupangaji akatoka, amenawa uso, sauti ya sukari. “Koko, yule mama amekasirika? Nami nataka makala. Anakaa wapi?”

Nikamuambia. Ndiyo, mumesikia vizuri. Miye, mwenye kujisifu kwamba hakuna mutu wa kunidanganya, nilimuambia Mugunga, na njia ya kupita, na rangi ya mulango. Njia na rangi hapa sitarudia.

Jana asubuhi alitoka. Aliporudi akasema, “Sikumukuta. Nitarudi jumamosi.” Akaangalia imbwa. “Na hii, koko, iko mugonjwa. Jumamosi nitakuondolea.” Leo amerudi kutoka sokoni na kamba mupya. Imbwa ilipoiona kamba, ikatikisa mukia.

Sasa nifanye nini na hii imbwa? Nikimuachia, ndiyo itatembea naye mupaka kwa yule mama. Nikiificha, atajua kwamba najua, na kati ya kitanda chake na changu kuna ubao mumoja tu. Nikiifukuza, inarudi kwenye mulango wake. Shefu wa avenue atauliza karte iko wapi, na sijui mupangaji wangu anakunywaga na nani. Leo nilivaa kitenge niende Mugunga mwenyewe. Akakaa kwenye jiwe la mulangoni, akacheka: “Koko, na hii miguu yako, unaenda wapi?” Nikasema nilitaka kupunga upepo tu, nikarudi ndani. Miye! Ndani ya parseli yangu! Na mujukuu wangu simutumi, musiniambie nimutume.

Mupangaji hana telefone ya kufungua page, ana ile ya kupiga tu. Lakini pengine ana rafiki. Kwa hiyo rafiki yake akisoma, amuambie: niko nakuona.

Juu ya imbwa mutanishauri, nitasoma yote, hata ya wajinga. Lakini hiyo ni baadaye. Weye uliye Mugunga, unayesoma umekaa, simama. Tafuta mama muuza makala, wa Kalengera, ambaye bwana yake alishushwa kwenye pikipiki. Usiandike jina lake hapa. Usimupigie telefone mbele ya watu. Nenda na miguu yako, umuambie koko wa chai amekosa, na anaomba asimusamehe sasa, asimame kwanza. Abebe watoto, aache gunia, aache sufuria. Ahame leo. Jumamosi isimukute pale, na jumanne asikanyage kwangu.