Daraja Badala ya Bunduki

Kila mwaka Bunge la bajeti linapofika kwenye fungu la ulinzi, mimi na jirani yangu hugombana. Yeye alikuwa mwanajeshi mpaka akastaafu, sasa anafuga kuku nyuma ya nyumba yake na ni mtu wa chama tawala damu damu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mpanda mjini, na ni katibu wa akina mama wa chama cha upinzani katika kata yetu. Redio yangu hukaa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Yeye huja na suruali isiyo na tatizo lolote, anasema zipu inasumbua, anavuta benchi, na waziri akianza tu kusoma, na sisi tunaanza.

Hoja zake nazijua zote. Mpaka wetu ni ziwa, na ng'ambo ya ziwa kuna watu hawajui kulala usingizi mzima. Majirani zetu wengi wa huku wazazi wao walikuja wakikimbia vita vya kwao, kwa hiyo nani wa kutuambia vita viko mbali. Jeshi haliundwi siku ambayo adui kashaingia. Mimi namwambia adui aliyetumalizia ndugu zetu hana bunduki, ana maji. Kwetu ni Mwese, kule vijiji vya milimani, na mvua zikikolea barabara inakatwa na mto. Daraja tumelidai mpaka koo zimekauka. Namuuliza kifaru kimoja kingejenga madaraja mangapi. Anacheka, ananiambia nishone suruali niache kelele.

Ukitusikia utadhani tutashikana mashati. Hatujawahi. Jioni ananiletea mayai, na mimi nayapokea bila aibu yoyote.

Aliyekuwa anatusikiliza kimya miaka yote hiyo ni binti yangu. Nasema binti yangu, ingawa aliyemzaa ni dada yangu mkubwa. Dada alipofariki nilimchukua mtoto akiwa hajaanza hata shule, na akawa ananiita mama, basi. Alipomaliza kidato cha nne alikaa nyumbani akinisaidia kupiga pasi na kushona vifungo, ila cherehani hakuipenda hata siku moja. Alichokitaka ni jeshi. Kila alfajiri alikimbia kwenye barabara ya Sitalike akarudi jua limeshachomoza, amevaa fulana za kampeni za bure, leo ya kwetu, kesho ya wenzetu, yoyote iliyokuwa safi. Pushapu alifundishwa na jirani. Nafasi za kujiunga zilikuwa bado hazijatangazwa, na kila taarifa ya habari ilipoanza aliacha pasi akasogea kwenye redio.

Nilimwogopea, sitaki kuficha. Lakini pia sikuwa na kitu kingine cha kumpa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi kuliko hofu yenyewe.

Mwaka huo chama chetu katika kata tulichoka kuambiwa kwamba wapinzani kazi yao kupinga tu. Tukaamua kuandika mpango wetu mbadala. Tulikaa kibandani kwangu, wengine juu ya marobota ya vitenge, tukabishana mpaka chai ikapoa. Tulikubaliana magari na silaha mpya zisubiri. Fedha hiyo iende kwenye madaraja, wodi za wazazi na mashine za kukoboa mpunga kwa vijana wa Majimoto. Mwenzetu mmoja akaongeza kwamba hata vijana wapya wanaochukuliwa jeshini wapunguzwe, maana mshahara ni wa kila mwezi na hauishi. Mwandishi nilikuwa mimi. Nikasita kidogo, kisha nikaandika, kwa sababu hesabu ilikuwa inakubali na kwa sababu nilidhani naandika mambo ya nchi. Binti yangu alikuwa anapiga pasi pembeni. Pasi ilisimama kwa muda juu ya kitambaa, halafu ikaendelea.

Nami nikaendelea kuandika.

Baadaye redio ya hapa mjini ikaandaa mdahalo kwenye ukumbi wa kanisa, chama dhidi ya chama, mada ikiwa ni hiyohiyo ya ulinzi na maendeleo. Chama tawala wakamteua jirani yangu. Wetu wakaniteua mimi. Tulicheka sana, maana tulikuwa tunakwenda kufanya mbele ya watu kile tulichokifanya bure kila mwaka kwenye benchi langu. Aliniuliza kama nitampa lifti ya kurudi nikishamshinda.

Alianza yeye, na alizungumza vizuri kuliko nilivyotegemea. Hakupiga kelele. Alisema mwanajeshi si bunduki tu, ni mtu anayeitwa mafuriko yakija na nyumba zikibomoka, na kwamba ukimpunguza leo hutampata siku utakayomhitaji. Watu wake wakampigia makofi marefu.

Nikasimama mimi, nikasimulia habari ya dada yangu. Nilieleza jinsi uchungu ulivyomshika kule Mwese wakati wa masika, jinsi walivyompakia kwenye pikipiki, jinsi walivyoukuta mto umejaa. Nikaeleza jinsi nilivyosimama kwenye geti la hospitali hapa mjini nikingoja, nguo za mtoto nimezishona mwenyewe ziko mkononi, na jinsi walivyomfikisha akiwa amechelewa, yeye na mtoto wake tumboni. Mama mmoja wa mbele, aliyevaa sare za chama tawala, alijifuta macho kwa kanga. Nikamaliza kwa kusema sisi tunataka daraja badala ya bunduki. Walipiga makofi pande zote mbili, na sikufichi, nilijisikia mshindi.

Yakaja maswali. Kipaza sauti kikapelekwa nyuma, na niliyemwona anasimama ni binti yangu. Alikishika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye mtoto wa huyo dada," alisema. "Mama mdogo hakuwepo mtoni, mimi nilikuwepo. Tulikaa pale toka asubuhi, hakuja mtu wa chama chochote. Waliokuja ni wanajeshi, walikuwa wanapita na lori lao. Walifunga kamba, wakamvusha mama wamemweka mabegani, maji yasimguse. Mimi nilivushwa na mmoja nimekaa shingoni kwake. Sasa naomba kuuliza. Nyie kwenye huo mpango wenu, mnaotaka kuwapunguza ndio wale?"

Alikuwa ameniita mama mdogo. Kwa desturi yetu ndivyo anavyotakiwa kuniita, hakuna tusi hapo, lakini toka nimchukue hakuwahi kuniita hivyo.

Nilijibu. Nilisema daraja lingekuwepo, kusingekuwa na haja ya bega la mtu, na kwamba mgonjwa anayevushwa kwa kamba tayari amechelewa. Lilikuwa jibu sahihi na watu walilipokea. Ila nilipomtafuta kwa macho kiti chake kilikuwa kitupu. Ikafika zamu ya jirani yangu kuongezea. Nilijua anaweza kunimaliza hapo kwa sentensi moja, na mwendesha mdahalo alimtazama akingoja hivyo. Mzee akasema hana la kuongeza, akakaa. Afadhali angenishambulia.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na si kidogo. Habari ya wale wanajeshi niliijua, watu wa Mwese walinisimulia siku ya msiba. Sikuitaja kwa sababu kwangu haikuwa na uzito. Mimi nilichokiona ni maiti ya dada yangu na hakuna kilichokuwa na ukubwa zaidi ya hapo. Na hata leo mtu akiniuliza, nitamwambia mpango wetu ulikuwa mzuri. Lakini ile ya kukaa shingoni kwa mtu katikati ya maji, akiwa mtoto mdogo vile, hajawahi kuniambia. Alikula sahani moja na mimi, alilala kitanda kimoja na mimi, na siku ile yote alikuwa nayo peke yake.

Tuliishi hivyo kwa wiki nyingi, shikamoo mama mdogo, kwaheri mama mdogo. Mpango wetu tuliupeleka wilayani, na huko sijui uliishia kabati gani. Bungeni fungu la ulinzi lilipita kama lilivyosomwa. Nafasi zikatangazwa, akaenda kwenye usaili, akachaguliwa. Jirani alichinja jogoo. Nilikula, na nyama ilikuwa tamu, na bado nilitaka kulia.

Kabla ya kuondoka kwenda kuripoti aliomba twende Mwese akamuage mama yake kaburini. Mvua zilikuwa zimeanza mapema. Tulikodi pikipiki mbili, tukateleza kwenye matope, na tulipofika mtoni maji yalikuwa yamefunika njia. Upande huu kulikuwa na watu na magunia yao ya maharage, upande ule vilevile, wanatazamana. Tukasubiri. Siku hiyo lori halikupita.

Alinionyesha jiwe moja kubwa lililokuwa limebaki na kichwa nje ya maji. Akasema hapo ndipo walipompumzisha mama yake kabla ya kumvusha sehemu ya mwisho, na mmoja wao alivua shati lake akamfunika. Nilikuwa nimepita kwenye jiwe hilo mara nyingi wakati wa kiangazi, nikifikiria vitu vingine kabisa.

"Ule mpango msiutupe, mama," akasema.

Mama tu. Nilitaka kumshika mkono, lakini alikuwa hajamaliza.

"Ila mkija kushinda, wa kumpunguza mtaanza na nani?"

Miaka yote nimebishana na mzee yule juu ya jambo hili, na hakuna swali lililowahi kunikosesha jibu. Nilimtazama, na raba zake zimejaa tope, na begi mgongoni.

"Sijui, mwanangu."

Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Tuliendelea kusimama mpaka ilipokuwa wazi kwamba maji hayatapungua, na kesho yake alitakiwa kupanda basi. Akawaambia vijana wa pikipiki wageuze. Tulirudi Mpanda bila kumsalimia mama yake.