Mikwaruzo ya Mtu Mwingine

Sidi ya kwanza kuingia nyumbani kwetu Buyenzi ililetwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliyekuwa akivuka mpaka wa Gatumba kwenda kununua vitenge upande wa Kongo. Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita. Safari hiyo barabara ilifungwa siku mbili kwa sababu ya risasi, na dada yangu hakula chochote mpaka mume wake aliporudi. Alirudi na vitenge, na ndani yake amefungia redio ya sidi pamoja na sidi yenyewe.

Baba aliipokea ile sidi kwa ncha za vidole. Alikuwa fundi wa breki, mstaafu, na mwenye santuri zaidi ya mia moja, ambazo nyumbani tuliziita disiki. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akavaa miwani, akavua.

“Njia ya sindano iko wapi?”

“Haina sindano, baba. Inasomwa na mwanga,” shemeji akasema.

“Mwanga unasoma nini?”

Shemeji hakujua. Mimi pia sikujua, ingawa nilikuwa nafundisha shule ya msingi na nilizoea kujibu maswali.

Katika sidi ile mlikuwa na rumba moja ambayo baba alikuwa nayo kwenye santuri tangu kabla sijazaliwa. Shemeji akasema sidi haina mikwaruzo, sasa zile disiki ni za kupamba ukuta. Baba hakukasirika. Alisema tujaribu. Jumapili mchana, umeme ulipokuwepo, shemeji akaunganisha redio yake kwenye spika zilezile za baba ili pasiwe na upendeleo. Baba akakaa akitazama ukuta. Mimi nikapewa kazi ya kuchagua kipi kianze.

Nikaanza na sidi, kisha nikaweka santuri, sindano nikiishusha mbele kidogo ya mwanzo. Baba alisikiliza zote mbili mpaka mwisho, mikono magotini.

“Ya kwanza ndiyo disiki yangu.”

“Una hakika, baba?”

“Mi nasikia mikwaruzo. Sidi haina mikwaruzo, si ndivyo mulisema?”

Shemeji alicheka mpaka akashika mlango. Dada yangu akamfinya. Niliona shingo ya baba imekakamaa, nikajuta kuanza na sidi, kana kwamba nilikuwa nimemtegea.

Lakini alipogeuka, uso wake haukuwa na aibu. “Rudisha ile sidi,” akaniambia.

Tukairudisha mara tatu. Mara ya tatu akainua kidole pale gitaa la pili linapoingia. “Hapo. Tak, tak, tak. Munasikia?”

Tukasikia. Ilikuwa sauti ndogo, kama punje za mchele zikidondoka kwenye sinia.

“Hiyo si yangu. Yangu iko mwanzoni, mama yenu aliangusha sindano. Hii ni ya disiki ya mutu mwingine. Walichukua disiki yake, wakaiingiza humu.”

Shemeji aliacha kucheka. Akachutama karibu na spika, naye akaomba irudiwe. Baba alitaka kujua mtu huyo ni nani, anaishi mji gani, kwa nini wamtafute yeye, na kanda za studio zilipotelea wapi hata ikabidi wanakili disiki. Tulibuni majibu mpaka saa ya kafyu, ya kutotoka nje, ilipokaribia na shemeji akalazimika kuondoka mbio.

Wiki iliyofuata baba alichagua santuri nne ambazo shemeji hakuwahi kuziona kwenye sidi yoyote. Akazifunga kwa taulo, tukatembea mimi na yeye hadi kwa bwana mmoja karibu na gereji, mwenye kompyuta ya kunakili nyimbo kwenye sidi.

“Mzee, naweza kufuta haya makelele,” yule bwana alisema. “Itakuwa safi kabisa.”

Baba akafungua taulo. “Moja futa, nyingine uache. Nataka kusikia.”

Iliyofutwa ilikuwa safi kweli, ila pumzi ya mwimbaji, ile anayovuta kabla ya kiitikio, ilikuwa imeondoka pamoja na vumbi. Baba akaomba zote zilizobaki ziachwe zilivyo.

“Na hii sidi yako itadumu miaka mingapi?” akauliza akiwa anafungua mkoba.

“Mi sijui, mzee. Bado haijazeeka hata moja.”

Baba alilipenda jibu hilo. Njiani kurudi alilirudia mara mbili, kisha akaniuliza kama shuleni kwetu kuna mtu anayeweza kumweleza namna mwanga unavyosoma.