Siku Watani Walipomnyamazia Kaka Rajabu

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitalini Korogwe, kijana mmoja mwenye bukta na soksi za mpira akaja kusimama nyuma yangu. Pamoja naye ikaja harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile kali inayopanda puani na kuwasha macho. Nikageuka haraka kama mtu aliyeitwa jina. Yule kijana alidhani nimekasirika. Akaniamkia, "Shikamoo mama," akarudi nyuma kidogo. Masikini, hakuwa na kosa lolote. Nilikuwa namtafuta kaka yangu, na kaka yangu ana miaka mingi kaburini.

Nyumba yetu ya Masuguru ilinuka dawa hiyo kila Jumamosi na Jumapili. Kaka Rajabu alikuwa akikaa kizingitini baada ya mechi, miguu ameinyoosha hadi uani, anajichua mapaja huku akitusimulia mabao kama vile hatukuwepo uwanjani. Mama alikuwa akilalamika kwamba hata uji unanuka mpira. Kweli ulinuka, maana mimi ndiye niliyeunywa. Lakini mama huyohuyo, kaka akichelewa kurudi kutoka mechi za mbali, alikuwa akikaa macho na kukifungua kile kichupa cha dawa, anakinusa, anakifunga. Alidhani simwoni.

Kaka alicheza kiungo katika timu ya mji wetu, kwenye ligi ya mkoa. Sitamsifia kupita kiasi, ingawa ningependa. Nasema tu kwamba akiwa na mpira, watu wazima waliokuwa wamekaa walisimama. Mtu mmoja wa timu kubwa ya Tanga alikuwa amekwisha kuja kumtazama mara moja, akaahidi kurudi msimu utakaofuata.

Jambo moja lazima mlijue, la sivyo hamtanielewa. Sisi ni Wazigua, watu wa Handeni, na wazazi wetu walihamia Korogwe kabla sijazaliwa. Majirani zetu wengi walikuwa Wasambaa, na wao na sisi tunataniana. Tukikutana tunatukanana mpaka mgeni anadhani kutamwagika damu. Makao makuu ya utani huo mtaani kwetu yalikuwa baraza ya Fundi Hoza, fundi cherehani aliyeshona namba kwenye jezi za timu. Mashabiki walijaa pale tangu asubuhi, na mkuu wao alikuwa Mzee Shechambo, Msambaa wa Mashewa, mstaafu wa reli, mwembamba, mwenye sauti ya kufaa kuita treni. Alikuwa akimpenda kaka Rajabu kuliko watoto wake, nadhani, na hakuwahi kumwambia neno jema hata moja.

"Mzigua wewe!" alikuwa akipiga kelele kaka akipita. "Bao la jana ulifunga wewe au ile hirizi ya bibi yako?"

Kaka naye alikuwa akijibu kwamba Wasambaa wameteremka milimani juzi tu, bado wanashangaa jinsi mpira unavyotulia bila kuporomoka bondeni. Baraza nzima ilikuwa ikiangua kicheko. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na niliwachukia wote. Nilimwona kaka yangu anadhalilishwa mchana kweupe, tena na mzee mwenye mvi. Nilikuwa nikimwomba Mungu, madrasa na nyumbani, awafunge midomo watu wa baraza ile. Mama aliponikuta ninalia kwa ajili hiyo alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia, "Mwajuma mwanangu, siku watakayoacha ndiyo ulie." Niliona naye hana akili.

Basi, timu ikaenda kucheza Handeni. Mechi ile ilichafuka dakika za mwisho, wachezaji wakamzonga mwamuzi, mmoja akamsukuma akaanguka. Kaka aliingia katikati kuamulia. Mimi nilikuwepo, mabegani kwa binamu yangu, nikaona mikono ya kaka imepanuliwa kama ya mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Lakini taarifa ya mwamuzi ilimtaja yeye, na wenye ligi wakamfungia msimu mzima. Msimu ule ule ambao mtu wa Tanga alikuwa arudi.

Akakata rufaa kwenye kamati ya hukohuko kwenye mpira. Mvua za masika zikanyesha, zikakatika, mahindi yakabeba, kamati kimya. Kaka aliendelea kufanya mazoezi peke yake asubuhi, akawa anakonda. Siku za mechi alikuwa akijichua misuli ambayo haijacheza.

Pale barazani sasa hapakuwa na habari nyingine. Mjadala ulianza chai ya asubuhi, ukakatizwa na adhana, ukaendelea watu wakirudi kutoka msikitini na nyayo bado mbichi. Wengi walisema aende mahakamani. Mahakama ni ya serikali, walisema, na hao wa ligi ni nani mbele ya serikali? Mtu akinyang'anywa shamba anakwenda kwa hakimu, na mguu wa Rajabu ndio shamba lake. Upande wa pili alikuwa Fundi Hoza, karibu peke yake, sindano mdomoni.

"Mpira haupelekwi mahakamani," alikuwa akisema. "Wana katiba yao. Ukitoka nje ya milango yao wanaadhibu timu nzima. Subirini rufaa."

"Tusubiri mpaka magoti yake yaote kutu?" Mzee Shechambo akamjibu. Na hapo kaka akawa anapita, kama ilivyokuwa bahati yetu. Mzee akamgeukia, sauti juu: "Mzigua! Mahakama ile pale, si mbali. Au nyie kesi zenu mnapeleka kwa mganga tu? Hakimu mnamwogopa, hana vibuyu!"

Watu walicheka sana siku ile. Kaka naye alicheka. Nilimwangalia vizuri, alicheka kweli. Lakini asubuhi yake alivaa shati la Idi, akamwaga maji mengi usoni, akaenda mahakamani.

Nisiwachoshe na habari za mawakili, hata mwenyewe sikuzielewa. Nilichoelewa ni kwamba siku moja mtaa ulilipuka kwa vigelegele. Hakimu alikuwa ametoa zuio: kaka aruhusiwe kucheza mpaka kesi yake isikilizwe. Mzee Shechambo alikuja hadi mlangoni kwetu, akamwambia mama kwamba leo amegundua Wazigua nao wana kichwa, ila wamekificha vizuri. Mama akampa chai. Jumapili ile kaka alicheza, na uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Alipogusa mpira wa kwanza nilijikojolea kidogo kwa furaha. Nilikuwa mtoto, msinicheke.

Ilikuwa mechi yake ya mwisho. Kabla wiki haijaisha zikaja habari kwamba timu imefutwa kwenye ligi. Kosa lake: mchezaji wake amelipeleka suala la mpira kwenye mahakama ya kawaida, na timu imemchezesha. Wenzake wote, vijana ambao hawakumgusa mwamuzi wala kuingia mahakamani, wakakosa msimu. Kaka alikuwa na amri ya hakimu mfukoni ya kumruhusu kucheza, na hapakuwa na timu ya kuchezea.

Nilikwenda barazani jioni ile kwa hofu. Nilijua watamla nyama kwa utani. Nilijibanza karibu na mlango wa Fundi Hoza nikiwa nimekunja ngumi, nimejiandaa kuwatukana wazee nipigwe baadaye. Kaka akatokea kona ya msikiti. Mazungumzo yakakatika. Cherehani ya Fundi Hoza nayo ikanyamaza. Kaka alipunguza mwendo mbele ya baraza kama alivyozoea, akasubiri.

Mzee Shechambo akainua kofia kidogo. "Habari za jioni, ndugu Rajabu," akasema. "Wazima nyumbani?"

"Wazima, mzee," kaka akajibu.

"Haya. Msalimie mama."

Basi. Wengine wakamwitikia kwa kichwa, kwa adabu zote. Kaka akabaki amesimama kidogo, kisha akaenda zake. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa. Ndugu Rajabu, habari za asubuhi. Ndugu Rajabu, pole na kazi. Mungu alikuwa amenisikia! Nikakimbia hadi nyumbani, nikamkuta kaka anakunywa chai ukumbini, nikamwambia huku natweta: "Kaka, umeona? Hawakutanii tena! Wamekuheshimu!"

Aliweka kikombe chini. Alinitazama, akanivuta akanikumbatia kwa nguvu, na nikasikia kifua chake kinaruka. Nilidhani anacheka.

Haikupita muda akafunga nguo zake akahamia Handeni kwa bibi, kulima. Alisema anakwenda kwa msimu mmoja. Kesi yenyewe ilikuja kufutwa, maana mwenyewe hakwenda tena mahakamani. Likizo nilikuwa nikipelekwa kwake, na kila nikifika alikuwa ananiuliza habari za shule, habari za mama, halafu, akiwa anaangalia pembeni, "Na Mzee Shechambo anasemaje siku hizi?" Nami nilikuwa namjibu kwa fahari kwamba mzee hana neno, akimtaja anamwita ndugu. Kaka alikuwa akiitikia, "Aa, vizuri," akachukua jembe.

Alifariki mimi nikiwa sekondari. Ini, walisema. Watu wa Korogwe walikuja Handeni kwa gari la kukodi, na Mzee Shechambo alikuwa miongoni mwao, amezeeka ghafla. Nyie mnaojua misiba yetu mnajua watani wanafanya nini. Hujilaza njiani jeneza lisipite, huiga mwendo wa marehemu, humgombeza kwa nini amekufa na deni la utani. Watu hulia na kucheka pamoja, na machungu hupata pa kutokea. Wote walimtazama yeye aanze. Hakuanza. Alilibeba jeneza kimya kama mtu mwingine yeyote, akafukia kimya.

Baada ya maziko akaja ndani tulikokaa wanawake, kofia mkononi, kumpa mama pole. Akasema maneno yote yanayopasa, kwa mpangilio mzuri. Mama alikuwa amekaa mkekani, hajalia tangu alfajiri. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, polepole, "Mtani, hata leo? Hata leo huna neno la kumwambia mwanangu?"

Mzee akafungua kinywa. "Mzigua wewe," akasema, na sauti yake ile ya treni haikutoka. Akajaribu tena. Akajifunika uso kwa kofia, wakamtoa nje wamemshika mikono.

Mengine aliniambia Fundi Hoza, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, siku nilipompelekea sare zao kupunguza. Alisema siku habari za kufutwa timu zilipofika, Mzee Shechambo alikaa barazani mpaka watu wote wakaondoka, ndipo akamwambia: "Fundi, ni ulimi wangu huu uliompeleka yule mtoto mahakamani. Kuanzia leo simtanii. Akinitukana nitanyamaza, ni haki yake." Wengine walimfuata kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Hakuna aliyekuwa amemkasirikia kaka. Kwa hiyo mzee alikuwa anangoja kutukanwa, na kaka kila jioni alikuwa anapunguza mwendo mbele ya baraza akingoja kutaniwa.

Nilitoka pale nikasahau hata sare. Kwa miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba kaka alivunjwa moyo na wenye ligi. Ligi ilimnyima mpira, na hilo lilimuuma, lakini mtu anaweza kuishi bila mpira. Kilichomtoa Korogwe ni kule kuitwa ndugu na watu waliokuwa wakimwita Mzigua. Alilichukua kuwa ni kufukuzwa, akaondoka kabla hawajamwambia kwa mdomo, akafa akiamini hivyo. Na mzee aliyempenda aliishi mwendo wa saa chache kutoka kwake, akiamini kwamba hatasamehewa. Basi la Handeni lilikuwa likipita mbele ya baraza ile kila asubuhi, na kondakta alikuwa akiita abiria.