Gari la Spoti Lililokula Mahari

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Nilikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo, na niliamini kwamba ile gereji ya mjini Shinyanga ilikuwa imeniajiri ili nifikiri. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye viganja vipana, alinitazama kuanzia kola hadi viatu akaniuliza harusi ni ya nani. Kisha akanipa spana namba kumi na kunionyesha pikapu iliyokuwa inachemsha maji.

"Haya, Injinia. Toa themostati."

Kwa ambao hamjawahi kufungua boneti: themostati ni kifaa kidogo cha chuma kinachoenea kiganjani, na hukaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa ya baridi kinajifunga ili maji yazunguke ndani na kupata joto haraka. Injini ikishapata moto kinafunguka, maji yaende kwenye rejeta kupoa. Hayo niliyasoma mwaka wa tatu na nikayafanyia mtihani. Kwa hiyo nilimwambia Fundi Mkuu kwamba labda tukipime kwanza.

"Tupime nini? Hicho ni kitu cha nchi za barafu. Huku Mungu keshapasha moto bure. Toa, tupa kule."

Nikatoa. Pikapu ikaacha kuchemsha. Jioni nilirudi nyumbani na shati la rangi nyingine, nikiwa nimechanganyikiwa vibaya, kwa sababu miaka minne ya chuo ilikuwa imeshindwa na maneno mawili ya mtu aliyeishia darasa la saba. Tangu siku hiyo nilitoa themostati katika kila gari lililochemsha. Mengi yalipona, na mimi sikuuliza tena.

Baada ya miaka sita nilihamia Geita, kwenye karakana ya mkandarasi aliyehudumia mitambo ya migodini. Huko Meneja wa Karakana alikuwa mtu wa fomu. Hata boliti ikidondoka kulikuwa na fomu ya kuiokota. Nilipomweleza kwamba themostati ni kitu cha nchi za barafu, alivua miwani.

"Nani kakwambia?"

"Bosi wangu wa zamani."

"Na chuo kilikwambia nini?"

"Kinyume chake."

"Sasa wewe unamwamini nani?"

Nilifikiri kwa dhati, nikamjibu kwamba inategemea na gari. Akaandika kitu kwenye faili langu, na mpaka mkataba wangu ulipokwisha sikuwahi kukisoma. Ajabu ni kwamba jibu lile lilikuwa sahihi kabisa. Sikulijua hilo wakati ule, na nilikuja kulijua kwa gharama ya watu wengine.

Nilifungua gereji yangu mwenyewe Katoro, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Katoro ni mji ambao mtu anaweza kulala fukara akaamka ananunua gari, na ndivyo ilivyomtokea Masanja. Alikuwa mchimbaji wa miaka kama thelathini, mtu wa Kishapu, na duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limetema. Siku moja aliletwa kwangu akiwa ameketi ndani ya gari la spoti jekundu, milango miwili, lililokaa chini kama chura. Lilikuwa linavutwa na trekta.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Limekufa lini?"

"Halijafa, mkubwa. Limechoka tu."

Vijana wengi bado wananiuliza kuhusu magari ya namna hii yaliyotumika, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Tatizo lake la kwanza ni wote waliolimiliki kabla yako. Hakuna mtu anayenunua gari la spoti ili aende nalo polepole kanisani. Klachi huwa imeshaungua, kwa sababu kila aliyelishika alitaka kuondoka kwa kishindo. Turbo, ile feni ndogo inayosukumwa na moshi wa injini ili iingize hewa zaidi, huzunguka kwa kasi isiyo na mfano na huishi kwa oili safi tu. Ukilikimbiza gari kisha ukazima ghafla mbele ya baa ili watu wasikie ukimya, oili inaungulia humo ndani. Masanja alikuwa anapenda sana ule ukimya. Halafu kuna barabara. Gari lile lilijengwa kwa ajili ya lami, kwa hiyo kila jiwe la kwetu lilipiga hodi kwenye sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Bushi na shokapu zilikuwa zimekwisha, na spea hazikupatikana Katoro wala Geita. Ziliagizwa Dar es Salaam, zikaja kwa basi, na mara mbili zilikuja za gari lingine.

Nilibadilisha turbo, klachi na bushi. Rejeta ilikuwa imeziba tope, nikaisafisha vizuri. Na kwa kuwa gari lilikuwa linachemsha, siku hiyohiyo nilitoa themostati, kama mtu anavyovua kofia akiingia ndani.

Hapo ndipo nilipoingia gizani. Mjini gari lilitulia kabisa. Ungeweza kuliacha linaunguruma mpaka chai ikapoa, na mshale wa joto usisogee. Lakini likitoka barabara kuu na kukanyagwa mafuta, baada ya dakika chache mshale ulipanda mpaka kwenye nyekundu. Kwa kawaida ni kinyume: gari hupata joto likisimama na hupoa likikimbia. Nilibadilisha pampu ya maji. Nilibadilisha feni na mfuniko wa rejeta. Gasketi ya silinda hedi, ambayo huziba kati ya sehemu ya juu na ya chini ya injini, iliungua. Nikaweka mpya. Ikaungua tena, na safari hii hedi yenyewe ikapinda, ikabidi ipelekwe Mwanza kuchongwa. Kila mara nilimwambia Masanja, "Sasa tumeupata ugonjwa." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye shahada.

Siku aliporudi na gari likifuka mvuke kwa mara ya tatu, Masanja hakutoka ndani. Alikaa ameshika usukani.

"Injinia, nikwambie ukweli. Duara limekauka. Na hili gari sikulinunua kwa dhahabu peke yake."

Akanieleza. Dhahabu haikutosha, hivyo alikwenda Kishapu akauza ng'ombe kumi kwenye zizi la baba yake. Walikuwa wametengwa kwa ajili ya mahari ya mdogo wake, Maduhu. Aliahidi kuwarudisha wakiwa ishirini. Sasa wakwe walikuwa wametoa muda mpaka msimu wa pamba uishe, la sivyo binti angeposwa kwingine, na mposaji mwingine alikuwa ameshaonekana akizungukazunguka. Kulikuwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi wa Buseresere aliyelitaka gari, kwa sharti moja: liende Geita na kurudi bila kuchemsha.

"Na msimu unaisha lini?" nikauliza.

"Mzee amesema anakuja mwenyewe kuliona gari. Ndivyo ninavyojua kwamba unaisha."

Mzee Ngassa, baba yake Masanja, alifika asubuhi ya Jumatatu, amevaa koti zito na fimbo mkononi. Hakukaa kwenye benchi nililomfutia.

"Mwangaluka," akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe wangu wako wapi?"

Nikamwonyesha gari. Akalizunguka mara moja.

"Wote kumi?"

"Na dhahabu, baba," Masanja akasema.

"Wewe nyamaza. Naongea na fundi."

Sasa, katika gereji zetu kuna utaratibu ambao wasomi huudharau. Mteja akibadilishiwa kifaa, anarudishiwa cha zamani, ili ajue kwamba kweli kimebadilishwa na hakupigwa. Masanja hakuwahi kuviulizia, kwa sababu mtu mwenye gari jekundu huona aibu kubeba vyuma vichafu. Baba yake hakuwa na aibu hiyo. Alitaka vyote. Nikamletea gunia, akavimwaga chini na kuanza kuvipanga mstari, huku akinitaka nimwonyeshe mwenzake mpya wa kila kimoja ndani ya gari.

"Hii?"

"Turbo. Mpya yake ile pale."

"Ng'ombe wangapi?"

"Watatu, mzee."

"Watatu! Na inakamuliwa?"

Masanja alitazama pembeni. Tuliendelea na klachi, ambayo ilikuwa ng'ombe na ndama wake, kisha pampu, feni, gasketi mbili. Kila alichokubali alikisogeza kwa fimbo upande wa kushoto. Mwishoni kilibaki kitu kimoja kidogo cha chuma. Akakiokota.

"Mwenzake wa hiki yuko wapi?"

"Hicho hakina mwenzake, mzee. Nilikitoa tu."

"Ukaweka nini?"

"Sikuweka kitu."

"Umeiba kipya chake?"

"Sikuiba, mzee. Huwa tunakitoa. Ni kitu cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi."

"Hili gari lilitengenezwa huko kwenye baridi?"

"Ndiyo."

"Kwao hakuna kiangazi?"

Nikasogea nimwonyeshe kwenye kifaa chenyewe, na hapo ndipo nilipoona. Si kwamba mzee alikuwa amegundua lolote. Yeye alikuwa anatafuta mwizi. Lakini alikuwa amekishika kile kifaa kichwa chini, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi niliitazama themostati upande wa chini. Ilikuwa na kisahani cha pili. Katika injini za namna ile, kisahani cha juu kinapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, hicho cha chini huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Ukienda taratibu, maji machache yanayofika kwenye rejeta yanatosha. Ukikimbia, mengi yanapita njia ya mkato na kurudi kwenye injini yakiwa na moto uleule. Yaani rejeta iliyoziba, ambayo ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe, niliiponya mchana ule wa kwanza. Na mchana huohuo nikaliambukiza gari ugonjwa mwingine, nikautibu kwa miezi minne.

Nilikwenda kwa mama lishe wa jirani nikaomba sufuria ya maji yanayochemka. Nikaitumbukiza themostati, ikafunguka polepole. Nikaitoa, ikajifunga. Ilikuwa nzima kabisa.

"Injinia, unapika spea?" mama lishe akauliza. "Chumvi iko hapo."

Niliirudisha mahali pake. Mimi na Masanja tukalikimbiza gari mpaka karibu na Geita na kurudi. Mshale ulikaa katikati kama umepigiliwa misumari. Masanja alikuwa anacheka peke yake, akipiga dashibodi kwa kiganja. Mimi nilikuwa nautazama mshale tu, kwa sababu nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Ningeweza kusema tumebadilisha kifaa cha mwisho na wangeniaga kwa shukrani. Nilitafuta sababu nzuri ya kufanya hivyo njia nzima, na nikapata tatu. Lakini tulipofika, mzee alikuwa bado amesimama palepale kando ya vyuma vyake, na nikajikuta namweleza yote.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hizi gasketi mbili ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na kile kilichopelekwa Mwanza kuchongwa?"

"Ni mimi, mzee."

"Nao wanasema umesoma chuo kikuu."

"Ndiyo."

"Ulisomea magari?"

"Mitambo kwa ujumla."

"Afadhali," akasema. "Ungesomea magari tungekoma."

Mnunuzi alikuja kesho yake na kuniuliza mbele ya wote gari lina nini. Nikamwambia kila kitu, pamoja na hedi iliyochongwa. Masanja alishika kichwa. Mnunuzi alifikiri, akasema hilo ni gari la kwanza maishani mwake ambalo ubovu wake anaujua wote kabla ya kulipa. Akalinunua, ila kwa sababu ya hedi alipunguza bei. Walihesabu wakapata ng'ombe tisa. Mzee Ngassa hakumtazama Masanja wala mnunuzi.

"Wa kumi," akasema, "yuko kwa Injinia."

Nilimnunua mnadani. Sikujua ng'ombe wa mahari hutazamwa nini, kwa hiyo nilichagua aliyenitazama vizuri. Nilidhani nitamkabidhi na kuondoka, lakini nikaambiwa lazima niwepo. Basi nikajikuta kwenye kiwanja cha watu nisiowajua huko Kishapu, Maduhu akiwa amesimama kando yangu anatokwa jasho, huku mshenga wa upande wa binti akikagua ng'ombe mmoja mmoja na kuuliza ametoka kwa nani. Akafika kwa wangu.

"Na huyu?"

"Wa Injinia," mzee akajibu.

"Injinia ni nani kwenu?"

Nilimwona Mzee Ngassa anatafuta neno, na kwa kweli hata mimi nilitamani kulijua.

"Ni mwanangu," akasema. "Aliua gari la mdogo wake."

Mshenga akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akahamia kwa ng'ombe mwingine. Nikaonyeshwa mahali pa kukaa, upande wa ndugu. Pale kiwanjani hakuna aliyeonekana kuchanganyikiwa isipokuwa mimi.

Nimestaafu sasa, kabla ya umri wa watu wengi. Mgongo ndio ulioandika barua. Vijana wa leo mnachomeka kompyuta kwenye gari nayo inawatajia ugonjwa, na mnaniuliza kama sisi tulikuwa tunabahatisha. Tulikuwa tunabahatisha. Fundi Mkuu alikuwa sahihi kwa pikapu, Meneja alikuwa sahihi kwa fomu zake, na mimi nilikosea nikiwa na vyeti vya kuthibitisha kwamba najua. Kama mna mpango wa kununua gari la spoti lililotumika, tengeni pesa nyingine sawa na bei yake, ulizeni lilitolewa nini kabla ya kuuliza liliwekwa nini, na msizime ghafla mbele ya baa. Zaidi ya hapo sina hakika na lolote.

Maduhu na mkewe wana watoto wanne. Kikao cha familia kikiitishwa Kishapu napigiwa simu kama ndugu wengine, na sijawahi kupata ujasiri wa kuuliza nitakoma lini kuitwa. Mwaka huu kilikuwa cha binti yao mkubwa, aliyefaulu vizuri kidato cha nne na kusema anataka uhandisi. Watu walijadili sana. Mzee Ngassa, ambaye sasa haoni vizuri, aliinua fimbo wakanyamaza, akageukia upande aliodhani nimekaa.

"Aende," akasema. "Asome kama baba yake mkubwa. Ila yeye aelewe."