Siku Nilipoyaogesha Mafiga ya Mama

Kabla sijamaliza kujenga jiko, niliyabeba mafiga matatu ya mama hadi mtoni nikayaogesha. Sisemi niliyasuuza. Niliyaogesha, kwa mchanga, kwa gunzi la hindi na kwa kipande kizima cha sabuni ya mche, mpaka masizi ya ndoa yote ya wazazi wangu yakaondoka na maji kuelekea Mbalizi. Yalipokauka juani yalikuwa ya kijivu, safi, hayana tofauti na mawe mengine yoyote ya duniani. Nikayatazama nikajisifu. Basi mjue mapema mnasoma habari za mtu wa namna gani.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa nane, wakati upepo wa Mbeya unapokuvua kofia na kukujaza vumbi masikioni bila kuomba radhi. Baba ni dereva wa lori la kwenda na kurudi Iringa, na safari hiyo alikuwa amemchukua mama akamsaidie mdogo wake aliyejifungua huko kwao. Wangerudi Ijumaa, na Jumapili yake dada yangu angepata kipaimara, wageni waje kula kwetu. Nyumbani tulibaki mimi, dada, na bibi mzaa baba, ambaye haoni vizuri lakini husikia hata nzi akipiga chafya. Bibi huniita mume wangu. Mimi humwita mke wangu, hasa nikiwa na njaa.

Mama alipokuwa anapanda lori alishika kiuno akasema, "Wageni wote wale, na mimi nimeinama kwenye kile kibanda! Mgongo wangu utabaki humo humo jikoni." Alikuwa anajisemea tu. Mimi nikaichukua kuwa ni amri.

Tena nilikuwa na ujuzi. Muhula uliopita shule ilitupeleka kuimba kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja. Nyuma ya nyumba yake tulikuta jiko la nje: paa la nyasi juu ya nguzo, jukwaa la mawe linalomfika mtu kiunoni, vyuma vya kuchomea nyama juu yake, na pembeni ukuta mfupi wa kuwekea chupa na glasi. Mpishi alikuwepo, na ndani jiko la chuma lilikuwepo. Lakini bwana mkubwa mwenyewe ndiye aliyekuwa nje, kavaa aproni, anageuza nyama huku machozi yanamtiririka kwa moshi.

"Kafukuzwa na mkewe?" mwenzangu aliniuliza. Mwenzangu huyu tunakaa dawati moja na nyumba zetu zimepakana.

"Wee! Hii ndiyo starehe yao."

"Kulia?"

Tulicheka njia nzima. Lakini mimi nilikuwa nimeona na jambo jingine: yule bwana alikuwa anapika amesimama wima.

Basi lori lilipopotea tu, mimi na mwenzangu tukakibomoa kibanda. Bibi alitoa kichwa mlangoni.

"Mume wangu, mbona nasikia nyumba inalia?"

"Tunajenga, mke wangu."

"Mnajenga kwa shoka?"

Tulikata nguzo za mkaratusi, tukaezeka nyasi juu yake, tukachimba udongo wa kichuguu, tukasomba mawe mtoni mpaka mabega yakatoka malengelenge. Dada alipika uani kwenye matofali mawili na sufuria ya kuazima, akitulaani kwa lugha zote za nyumbani kwetu. Jukwaa likapanda hadi kiunoni. Juu yake nikapanga vyuma vya bodi ya lori bovu, ambavyo baba alikuwa anavitunza kwa kazi asiyoijua mwenyewe. Upande wa uani, ambako upepo unatokea, tukaanza kuinua ukuta wa kufika karibu na paa. Haujafika juu, mawe makubwa yakatuishia.

Mtoni yalibaki madogo tu ya kumalizia juu, na sisi tulikuwa wachovu. Mwenzangu akayaona mafiga yamekaa kwenye majivu.

"Na haya?"

Nikafikiri. Jiko langu lina vyuma; mafiga ya nini tena? "Twende nayo," nikasema.

"Udongo hautashika. Yana masizi."

Na hivyo ndivyo sabuni ilivyoingia kwenye habari hii. Tuliyaosha, tukayajenga ukutani, juu yake tukapanga yale madogo, tukapaka udongo, juu yake udongo mweupe, ukuta ukang'aa kama meno ya mhubiri. Jioni tukaegemeza viwiko jukwaani tukanywa togwa kwenye vikombe vya bati.

"Bwana mkubwa, ongeza glasi."

"Wapi mkeo, bwana mkubwa?"

"Kanifukuza."

Bibi akaja na fimbo yake, akapapasa jukwaa, akapapasa chini. "Jiko zuri. Na mafiga yako wapi?"

"Yamo, mke wangu."

"Yamo wapi?"

"Ukutani."

Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpige mgongoni.

"Unacheka nini sasa?"

"Nacheka leo, mume wangu, kwa sababu Ijumaa sitapata nafasi." Akajifuta macho. "Mama yako alipoolewa hakuja na sanduku. Alikuja na mawe matatu, wadogo zake wameyabeba kichwani, kutoka jikoni kwa mama yake. Mama yake akafa mwaka huo huo. Una kitu kingine cha bibi yako wa Iringa humu ndani? Kitafute unionyeshe."

Sikukitafuta, maana nilijua hakipo. Nikaenda kuutazama ukuta. Ulikuwa mweupe wote. Hata ningepewa viboko nisingeweza kusema jiwe lipi ni lipi.

Ijumaa lori likapiga honi njia panda. Mama akashuka, nyuma yake gunia la mchele wa Usangu, na nyuma ya gunia mama mdogo mwingine aliyekuja kusaidia kupika. Mama akasimama uani. Akalizunguka jiko. Akalisogelea jukwaa, akaweka viganja juu, akasimama mbele yake bila kuinama, na naapa niliona shavu moja linataka kucheka. Kisha akatazama chini.

"Mafiga yangu yako wapi?"

Mwenzangu akakumbuka kwamba anaitwa kwao. Baba akaenda kupiga teke tairi ambazo alishazipiga teke.

"Yako ukutani, mama."

"Ukuta upi?"

"Huu. Au labda... huu huu, ila sijui wapi."

Ningefurahi kama angenipiga. Alivuta debe akakaa. "Moto wangu hauwaki bila mafiga ya mama yangu," alisema, wala hakupaza sauti. "Wageni watatafuna mchele mbichi."

Dada akaanza kulia, kwamba kipaimara chake kitakumbukwa kwa njaa. Mama mdogo akasema kwa upole tunaweza kuomba jiko kwa jirani. Mama akamtazama tu, na mama mdogo akajikuta anafungua mizigo.

Jumamosi asubuhi nikaanza kubomoa kwa mikono yangu kile nilichokijenga kwa mikono yangu. Nilichokoa jiwe moja moja na kumpelekea mama. Analigeuza, analiweka chini. Sio. Sio. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, akachoka kusikia "sio".

"Leteni hapa," alisema. Akalishika jiwe, akaliweka puani. "Mto." Jingine. "Mto." Jingine. "Hili lilikaliwa na chura." Baba akacheka, akajifanya anakohoa. Nikampa lililofuata. Bibi akavuta pumzi ndefu. "Sabuni!"

Mama akalichukua, akapitisha kidole gumba kwenye mfereji mdogo alioufanya mwenyewe kwa kunolea kisu. Uso wake ukafunguka. Halafu ukajifunga taratibu.

"Sabuni imefikaje kwenye mafiga yangu?"

Nilitazama mlima. Nilitazama kuku. Kuku naye akanikwepa.

"Niliyaosha, mama."

"Uliyaosha." Akamgeukia baba. "Mwanao huyu. Shati halifui, shingo haioshi, anakwenda kuosha mafiga!"

"Ni mwanangu leo tu?" alisema baba.

La pili lilinuka sabuni kutoka mbali, hata mimi nililisikia. La tatu halikuonekana. Jua likapita utosini. Kuku wa wageni walikuwa hai bado, wanatamba, mchele umefungwa gunia. Ukuta sasa ulikuwa umebomolewa pembeni zote, ikabaki sehemu ya katikati inayobeba mawe yote ya juu.

"Mama watoto," baba alisema, "mawili yamepatikana. La tatu tuweke jiwe jingine tu."

"Wewe ukikosa tairi moja unaendesha?"

Baba akarudi kwenye tairi zake. Mimi nikasimama katikati ya ukuta, pale usawa wa kifua, nikachokoa udongo mweupe na kuweka pua. Hakuna. Nikachokoa chini yake. Nikasikia harufu ya Jumamosi ya kufua nguo. Nikavuta.

Mawe ya juu yakashuka yote kwa mshindo, vumbi likatufunika, nikasikia bibi akisema, "Nimeshakuwa mjane." Vumbi lilipotua nilikuwa nimekaa chini nimekumbatia figa la tatu, lile lililoinama upande, lililofanya vyungu vyetu vyote maishani vipikwe vimeegemea kushoto. Na ukuta ulikuwa na tundu pana katikati, mtu angeweza kupitisha mbuzi.

Mama hakulitazama tundu. Aliyachukua mafiga yake, na badala ya kuyaweka chini, akaviondoa vyuma vya lori akayapanga juu ya jukwaa. Akayapapasa kila moja. Akawasha moto. Alipoweka sufuria, ikaegemea kushoto. Mama akashusha pumzi kama mtu aliyefika kwake.

Jumapili, baada ya ibada, lile tundu nililokuwa naliona aibu likafanya kazi ya ajabu. Watu walipanga mstari mbele yake kama dirisha la posta. Mama alisimama ndani wima, kijiko kirefu mkononi, akipakua wali na nyama bila kutoka na bila mtu kuingia.

"Kamwene, dada," wanawake wa upande wa Iringa walimsalimu, "tuingie tukusaidie?"

"Kamwene. Simameni hapo hapo. Sahani ndiyo iingie."

Mchungaji mwenyewe aliegemeza kiwiko kwenye mawe, kikombe cha togwa mkononi, akapiga soga na baba kama wageni wa yule Mzungu wa kahawa. Mimi nilipita dirishani na kofia ya baba, nikapita tena na kofia ya mwenzangu, nikapita na kitambaa cha dada.

"Kofia zinabadilika," mama alisema akinipakulia, "meno ni yale yale."

Wageni walipoondoka alikaa kwenye debe, akanyoosha miguu. Mafiga yalikuwa yameanza kupata masizi mapya. Nilikuwa nakusanya sahani, najifanya sina haja ya kusikia neno lolote. Akayatazama mafiga, akalitazama tundu, akanitazama mimi.

"Leo mgongo haujaniuma," alisema. "Ila ukirudi likizo ya Krismasi, choo changu usikiguse."