Fumie Kamijo na Magita Matano Meusi

Fumie Kamijo alikuwa na tabia iliyowachekesha wageni wote waliofika kiwandani. Ukimpa kipande cha mbao, hakitazami kwanza. Anakinusa. Kisha anakikwaruza kwa ukucha, anakilamba kidogo pale kilipokatwa na msumeno, anakigonga kwa kifundo cha kidole huku amekiinamia. Macho yalikuja mwisho kabisa. Baba yake, seremala wa makabati ya nguo hapo hapo mjini Matsumoto, ndiye aliyemfundisha hivyo tangu akiwa mtoto wa kuchezea maranda chini ya meza. Mzee alikuwa akimfunga kitambaa usoni na kumpa vipande kimoja kimoja, na akikosea anapewa tena kile kile mpaka apatie.

Akiwa na miaka ishirini na tatu aliajiriwa kwenye kiwanda cha magita ya umeme cha mzee Yanagisawa, kiwanda kidogo cha watu kumi na tisa. Alipewa chumba cha mbao, na humo akakaa miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa kupokea mbao, kuzitambua na kuzipanga: hizi za kiwiliwili cha gita, hizi za shingo, hizi peleka jikoni zikachemshe maji.

Watu walianza kumheshimu kweli siku lilipofika lori la mbao nyekundu zilizoandikwa mahogani. Mzee Yanagisawa alikuwa keshatoa kalamu atie sahihi. Fumie akakata ncha ya ubao mmoja kwa wembe, akailowesha kwa mate, akaichungulia kwa lenzi.

"Bosi, kalamu rudisha mfukoni," akasema. "Hii ni meranti."

"Meranti? Mbona nyekundu vizuri tu?"

"Wekundu hata mimi naweza kujipaka. Tazama hapa. Mahogani vitundu vyake vimetapakaa ovyo ovyo, kama mtu aliyemwaga ufuta. Hii ina mistari myeupe, unaiona? Kama imechorwa kwa chaki. Ule ni utomvu uliokauka. Mahogani haina kitu hicho."

Mzee alichungulia, akakohoa, akarudisha kalamu mfukoni. Lori likaondoka na mzigo wake. Tangu siku hiyo hakuna ubao ulioingia pale bila Fumie kuunusa.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuwahi kumsifu kwa mdomo. Huyo ni Tetsuro Akahane, fundi wa nyaya, mjane mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa. Kazi yake ilikuwa kusuka vinasa sauti, yale masumaku yaliyozungushiwa waya ambayo hukaa chini ya nyuzi za gita na kupeleka sauti kwenye amplifaya. Kwa Tetsuro, gita lilikuwa sumaku na nyuzi. Mengine yote ni fanicha.

"Sumaku inasikia chuma, Fumie-san," alikuwa akimwambia kila saa nne ya chai. "Haijui kama imefungwa kwenye mahogani au kwenye kibao cha kukatia vitunguu."

"Na wewe hujui kama unakula tambi za soba au kamba za viatu. Ndiyo maana nyaya zinakufaa."

"Wateja wanakuja kwangu wanasema, sauti tamu sana!"

"Kwa sababu mimi nimekupa pa kuifunga. Mtu hata asante hana!"

Walibishana hivyo miaka ishirini na sita, wakila kachumbari ya majani ya nozawana kutoka bakuli moja, na hakuna aliyechoka. Mzee Yanagisawa akafariki, mwanawe Junji akashika kiwanda, na ubishi ukaendelea pale pale ulipokuwa.

Vuli ya mwaka jana, Junji aliingia chumba cha chai na barua mkononi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, na kwa kuwa alikua akikimbia kimbia pale kiwandani, alimwita Fumie dada mpaka leo.

"Dada Fumie, kuna wauzaji wameniandikia," alisema bila kukaa. "Wanasema wanaweza kutuletea mbao zilizokwisha chaguliwa na kukatwa, tayari kwa kuchongwa. Chumba chako tungeweka mashine mpya ya rangi. Sijaamua. Nawaambia tu."

Fumie alimimina chai, ingawa kikombe kilikuwa kimejaa.

Tetsuro, kwa mazoea tu ya kutomwacha Fumie apumue, akaropoka: "Basi tumalize ubishi! Tutengeneze magita matano, mbao tano tofauti, nyaya zangu zile zile, nyuzi zile zile, yote tuyapake rangi nyeusi. Fumie-san akae nyuma ya pazia asikilize. Kama mbao ina sauti, atazitaja."

Neno lilikuwa limeshamtoka. Alipomwona Junji ametikisa kichwa kukubali, na kukubali kwa dhati, akashusha ile miwani ya kichwani akaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi.

"Sawa," Fumie akasema. Angesema nini?

Asilolijua bosi wala mtu mwingine, au ndivyo Fumie alivyodhani, ni kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Msumeno wa mkanda ulikuwa upande huo wa meza yake miaka yote, na yeye vizibo vya masikio aliviona ni vya watu wa mjini. Mwaka wa kwanza aliacha kusikia birika likipiga filimbi. Mwaka wa pili akahamishia simu upande wa kulia. Miaka sita sasa alikuwa akiificha habari hiyo kwa ujanja mwingi: akikaa pembeni kabisa ya meza, akicheka wengine wanapocheka, akijifanya ana mawazo mtu akimwita kutoka kushoto. Mchagua mbao asiyesikia vizuri! Kama Junji angejua, ile mashine ya rangi ingeingia kesho yake.

Magita yalichukua wiki sita. Fumie mwenyewe alichagua mbao: mahogani, alda, msonobari, kiri ile nyepesi ya kutengenezea makabati, na sen, mti mweupe wa milima ya kaskazini ambao kiwanda kilianza nao zamani. Mara mbili alisimama mlangoni kwa Tetsuro akitaka kumwambia. Mara mbili akauliza kitu kingine. Ataona natafuta kisingizio, alijiambia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Wafanyakazi walikuja na mito ya kukalia na matunda, utadhani wamekwenda pikiniki ya kutazama maua. Shuka lilitandazwa kwenye kamba. Nyuma yake alikaa Masumi Koiwai wa chumba cha rangi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyepiga gita katika bendi ya mtaani, akiwa na magita matano meusi yanayofanana kama njegere. Mbele ya shuka, kwenye kiti, alikaa Fumie, amegeuza kichwa kidogo.

Masumi akapiga. Wimbo ule ule mfupi, mara tano, magita matano, amplifaya moja.

Fumie alisikiliza kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Kulikuwa na tofauti? Ya pili labda ilikuwa na ukali kidogo. Au Masumi alikaza mkono? Aliomba arudie. Akarudia.

"Mahogani. Sen. Kiri. Alda. Msonobari," akataja hatimaye.

Junji alitazama karatasi yake ya mpangilio muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Dada, umepata moja. Kiri."

Mfanyakazi aliyekuwa akimenya tofaa akasimamisha kisu.

Fumie akasimama. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayeomba radhi, na kweli ndicho alichofanya. "Nisameheni. Nilipaswa kusema mapema. Sikio langu la kushoto halisikii, huu mwaka wa sita. Bosi, nimekuficha. Chumba—"

"Kwani nani hajui hilo?" Tetsuro alidakia.

Fumie akageuka. "Nini?"

"Fumie-san, miaka mitano natembea upande wako wa kulia kama mpambe wa harusi. Ulidhani napenda jua? Ninapokupa kikombe nazunguka meza nzima. Magoti yananiuma kwa ajili yako."

"Na hukusema!"

"Wewe ulisema?"

Watu walicheka, kisha wakaona aibu kucheka, kisha wakacheka tena kwa sababu Fumie mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na mabega yanamtikisika. Haikujulikana mara moja kama ni kicheko au kilio. Vilikuwa vyote viwili.

"Halafu," Tetsuro aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, "usilisingizie sikio. Nipisheni." Akakaa kwenye kiti. "Masumi-san, changanya mpangilio, piga."

Masumi akapiga. Tetsuro, mwenye masikio mawili mazima, alipata moja. Junji akakaa, akapata mbili, akakiri kwamba zote mbili alikisia. Yule wa tofaa akakaa akapata sifuri, akapigiwa makofi kuliko wote.

"Unaona?" Tetsuro akasema. "Hakuna anayesikia. Nilikuwa nakwambia." Lakini hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alikuwa akimtazama Junji kwa wasiwasi.

Fumie alijifuta macho. Kitu fulani kilikuwa kimemtoka kifuani, kile alichokibeba miaka sita, na badala yake akasikia wepesi na kiburi kidogo cha zamani.

"Zimeni hiyo amplifaya," akasema. "Yalazeni mezani. Nifungeni taulo machoni. Sitayashika, msije mkasema nimepima uzito."

Wakayalaza magita juu ya mito, kila moja na mto wake. Junji akamfunga taulo, Masumi akamwongoza mpaka mezani. Fumie akainama, akaweka taya lake juu ya pembe ya gita la kwanza, kama mtoto anayelala juu ya meza ya shule.

"Akahane-san, piga uzi mmoja. Ule mnene."

Tetsuro akapiga. Bila umeme, sauti ilikuwa ndogo kama ya nzi kwenye dirisha. Lakini ndani ya taya la Fumie ule mvumo ulipanda mpaka kwenye meno, ukashuka shingoni.

"Hii inapiga kelele mara moja, inakufa. Kiri."

Akasogea. "Hii… piga tena. Inavuma chini, taratibu, haina haraka. Mahogani yangu."

Gita la tatu lilimtetemesha meno ya mbele, na mtetemo haukuisha upesi. Akatabasamu kabla ya kusema. "Sen." La nne na la tano yalimchukua muda zaidi. Aliyarudia, akaenda kwa hili akarudi kwa lile, akaomba uzi mwembamba, akanung'unika kwamba rangi ya Masumi ni nene mno. "Hili msonobari. Hili alda. Na kama nimekosea haya mawili, mnifungashie virago."

Junji hakuangalia hata karatasi. Alikuwa ameikunja tayari. "Yote matano, dada."

Kelele zilizopigwa humo ndani alizisikia hata kwa kushoto.

Masumi alikuwa amekwisha chukua gita la sen na kulipakata tumboni, bila amplifaya, akipiga polepole. "Kweli," akasema, kama anayejisemesha. "Mimi dukani huwa napiga hivi kwanza, kabla ya kuunganisha waya. Nikilisikia tumboni, ndilo ninalonunua. Sikuwahi kujiuliza kwa nini."

"Kwa hiyo sote tulikuwa sawa," Tetsuro akasema.

"Wewe ulikuwa sawa kwa spika," Fumie akamjibu, bado na taulo shingoni. "Mimi niko sawa kwa watu."

Junji aliitoa ile barua mfukoni, akaitumia kufutia maji ya tofaa mezani. "Spika hazijawahi kununua gita kwangu," akasema. "Mashine ya rangi itapata pengine pa kukaa. Ila, dada, Jumatatu unakwenda kwa daktari wa masikio. Na vizibo utavaa. Sikuombi."

Akaenda. Daktari alimwambia lile la kushoto halitapona, lakini kifaa kidogo cha kusikilizia kingemsaidia, na hilo la kulia alilinde kama yai. Fumie alikivaa kile kifaa kwa kulalamika wiki nzima. Kila kitu kilikuwa na kelele: karatasi, viatu, vijiti vya kulia.

Majira ya kuchipua alikwenda na Tetsuro kuchagua mbao za sen kwenye yadi, maana Junji alitaka kiwanda kirudie mti wao wa zamani. Tetsuro aliendesha gari. Theluji ilikuwa imebaki vilimani juu tu, na madirisha walikuwa wameyafungua. Walikuwa wamefika nusu ya njia Fumie alipomgeukia ghafla.

"Akahane-san. Hiyo ni nini?"

"Nini?"

"Hiyo sauti. Inatoka puani kwako."

"Naimba. Huwa naimba nikiendesha. Miaka yote naimba."

Fumie alisikiliza kidogo, kwa makini, kama anavyosikiliza ubao. "Na miaka yote hiyo," akasema, "umekuwa ukiimba vibaya hivi?"

Tetsuro akacheka mpaka akapunguza mwendo, kisha akaendelea kuimba, kwa sauti ya juu zaidi, na Fumie hakukitoa kile kifaa sikioni.